SOMO: Kupima uromodulini inavyoshikana na komplimenti bila kujidanganya

Wakuu, swali la "nimeweka C1q juu ya uromodulini, rangi imetoka kali, ni kweli au?" limeulizwa humu mpaka limechosha. Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamrudisha hapa.

Kwa wageni: uromodulini ndiyo protini iliyo nyingi kuliko zote kwenye mkojo wa mtu mwenye afya, makumi ya miligramu kwa siku. Hutengenezwa na seli za mkono mnene unaopanda wa kitanzi cha Henle, yaani sehemu ya mirija midogo ya figo. Igor Tamm na Frank Horsfall waliieleza mwaka 1950 walipokuwa wanachunguza kitu cha mkojoni kinachozuia virusi kugandanisha chembe nyekundu za damu, ndiyo maana wengi bado wanaiita protini ya Tamm-Horsfall. Kwenye komplimenti (kundi la protini za kinga za damu, linaloamshwa kwa njia zaidi ya moja) inatuhusu kwa mambo mawili: inashika C1q, molekuli inayoanzisha njia ya klasiki, na inashika faktori H, mdhibiti wa njia mbadala. Kote kuwili kazi yake huelekea kupunguza makali ya komplimenti.

1. Kusanya mkojo mpya, weka kwenye baridi, ondoa seli.

2. Ongeza sodiamu kloraidi hadi 0.58 M (M ni moli kwa lita; hapa kama gramu 34 kwa lita), koroga polepole usiku kucha kwenye nyuzi 4.

3. Zungusha kwenye sentrifuji, osha mashapo kwa chumvi ya kiwango kilekile, yayeyushe kwa maji safi ya maabara, kisha fanya dialisisi (kuondoa chumvi kupitia utando). Ukiona ute, usishtuke. Hii protini hujiunga yenyewe kuwa nyuzi ndefu.

4. Pitisha kwenye jeli inayotenganisha protini kwa ukubwa. Unatafuta mstari mnene karibu na kDa 90 (kilodaltoni, kipimo cha uzito wa molekuli). Kama kuna mstari wa albumini au wa kingamwili, rudi hatua ya 2.

5. Elisa, yaani kipimo cha kushikana kinachosomwa kwa rangi. Soma hapa polepole. Unapaka uromodulini kwenye visima, unaziba nafasi zilizobaki, unaweka C1q, halafu kingamwili ya kuitambua C1q, halafu rangi. Inaonekana rahisi, na ndiyo inayowaumbua wengi, kwa sababu uromodulini hushika pia IgG, aina ya kingamwili. Maana yake kingamwili yako ya utambuzi inaweza kukaa moja kwa moja juu ya uromodulini hata kama C1q haipo kabisa. Rangi itatoka, utafurahi, utaandika ripoti, na ripoti itakuwa ya uongo. Upande wa pili, IgG iliyobaki kwenye uromodulini chafu nayo itaidaka C1q, maana kushika IgG ndiyo kazi ya C1q. Kwa hiyo, bila mjadala:

– visima vyenye uromodulini na kingamwili zote, BILA C1q;
– visima vilivyopakwa albumini badala ya uromodulini, vikiwa na C1q;
– kipimo cha kutafuta IgG ndani ya uromodulini yenyewe.

Kisha chumvi ya bafa, yaani majimaji ya kupimia. Kushikana huku hutegemea sana chumvi: ukiipunguza kunakaza, ukiiongeza kunalegea. Anayepima kwenye bafa nyepesi (yenye chumvi kidogo) tu na kutangaza nguvu ya ajabu hajatuambia kitu. Pima kwenye viwango kadhaa, 0.15 M ikiwemo, na uandike kila kimoja.

6. Faktori H. Changanya C3b (kipande cha C3, protini ya komplimenti), faktori H na faktori I (kimeng'enya kinachoikata C3b kwa msaada wa faktori H), pamoja na uromodulini na bila uromodulini, kwenye nyuzi 37. Tazama mnyororo wa alfa wa C3b ukikatwakatwa. Wa beta unabaki mzima. Tumia kingamwili ya C3 kwenye bloti (protini za jeli zikihamishiwa kwenye utando) badala ya kupaka jeli rangi tu, la sivyo mstari wa uromodulini utakaa jirani na huo wa alfa na kukuchanganya. Weka mrija usio na faktori I na mwingine usio na faktori H. Uromodulini inamsaidia faktori H, haichukui nafasi yake.

---

MASWALI

Kipimajoto: Mkuu, yangu imetoka rangi kali sana! C1q imeshika. Naandika ripoti?

Mwandishi: Kisima kisicho na C1q kilisomaje?

Kipimajoto: Hicho sikuweka, sahani ilijaa.

Mwandishi: Basi huna jibu, una rangi. Hatua ya 5.

Mdau_Figo: Stiki yangu ya mkojo imeonyesha protini, ni hii?

Mwandishi: Stiki hugusa zaidi albumini. Hilo mpelekee daktari, si uzi huu.

Nungunungu: Samahani kama swali ni la kitoto. C1q ina kama kDa 460, chujio la figo haliipitishi. Sasa inakutana wapi na uromodulini?

Mwandishi: Si la kitoto hata kidogo, ndilo swali lenyewe. Kwenye figo lenye afya, C1q na uromodulini hazikutani sana mkojoni. Chujio likiharibika, protini za komplimenti huvuja na kuingia kwenye mirija, na hapo uromodulini iko tayari kwa wingi. Pia kiasi kidogo cha uromodulini hutoka upande wa nyuma wa seli, kikaingia kwenye tishu na damu. Halafu angalia hili: mkono mnene huondoa chumvi bila kuruhusu maji kufuata, kwa hiyo majimaji yanayotoka hapo ni mepesi. Ile bafa nyepesi niliyoiponda hapo juu ina mahali pake mwilini, alimradi usiifanye kipimo pekee.

Nungunungu: Kumbe! Basi nitaongeza kiwango cha chini cha chumvi kwenye mpango wangu. Asante sana.

Bi_Pipeti: Nyongeza: mkiweka sodiamu azaidi kuzuia bakteria, iondoeni kabla ya rangi. Inaua peroksidesi, kimeng'enya kinachotoa rangi.

Mwandishi: Kweli kabisa Bi Pipeti, nilipaswa kuiweka kwenye somo.

Kipimajoto: Nimerudia na kisima bila C1q. Nacho kimetoa rangi, karibu sawa.

Mwandishi: Sasa tunaongea. Jaribu kingamwili ya utambuzi iliyokatwa mkia wake (sehemu ya Fc), na C1q igawe kwenye vichupa vidogo. Ukiigandisha na kuiyeyusha mara kwa mara hujikusanya mabonge.

Bi_Pipeti: Na usiitikise kwa nguvu. Povu linaiharibu.