Kuchezesha saratani ya shetani wa Tasmania kwa manjano na magadi

Mchezo huu ni wa klabu ya wanyamapori yenye watoto thelathini hivi, na unamalizika katika kipindi kimoja. Unafundisha jambo ambalo hata watu wazima hulichanganya: ipo saratani inayoambukiza, na kinachohama si kidudu, ni seli zenyewe za saratani.

Anza na jina. Ukitamka "shetani" bila maelezo, dakika kumi zitaishia kwenye habari za majini. Sema mapema kwamba ni mnyama mweusi, kimo cha mbwa mdogo, mla nyama na mizoga, na porini anapatikana kisiwani Tasmania, Australia. Mama ana mfuko tumboni ambao mdomo wake umeelekea nyuma. Huzaa watoto ishirini au zaidi kwa mkupuo, kila mmoja sawa na punje ya mchele, na chuchu ni nne tu. Waache wapige hesabu wenyewe, kisha songa mbele.

Vifaa ni vikombe vya plastiki kwa idadi ya watoto, magadi ya kupikia maharage, na manjano ya unga kutoka soko la Marikiti. Tia kijiko kidogo cha manjano katika nusu kikombe cha maji ya moto, acha dakika kumi, chuja kwa kitambaa. Katika kikombe kimoja cha mchezo koroga kijiko kidogo cha magadi, nacho ukichuje. Magadi ya mawe huacha matope, na watoto wa siku hizi wataligundua tope hilo kabla hujageuka. Kikombe hicho ndicho mnyama mgonjwa: kiwekee alama chini, usimwambie mtu. Vingine vyote ni maji matupu.

Maji ya kisima ndiyo huharibu kazi. Mengine yana magadi yake ya asili, na kila kikombe kitageuka chekundu. Yajaribu nyumbani kwa matone mawili ya manjano. Yasipobaki ya njano, tumia ya mvua au ya chupa.

Jaza kila kikombe chini ya nusu, kwa sababu maji ya wawili lazima yaenee katika kimoja. Mtoto anamimina yote kwa mwenzake, kisha anarudishiwa nusu. Wafanye hivyo mara tatu, kila mara na mtu mpya. Halafu pita na manjano: palipo na magadi patakuwa pekundu kama hina. Kikombe kimoja kimekuwa vinane. Ukipata vinne au sita, wagonjwa walikutana wenyewe kwa wenyewe, mchezo haujaharibika.

Hapo ndipo ueleze. Uvimbe wa saratani hii ulionekana mara ya kwanza mwaka 1996, kaskazini-mashariki mwa Tasmania. Wanyama hawa huumana usoni wanapogombea mzoga au jike, na seli hupita jerahani. Mara nyingi anayeng'ata uvimbe wa mwenzake ndiye anayejiambukiza. Kinga ya mwili haizishtukii seli hizo, na mgonjwa kwa kawaida hufa ndani ya mwaka. Mwaka 2008 mnyama huyu aliorodheshwa kuwa hatarini kutoweka. 2014 ikagunduliwa saratani ya pili ya namna hiyo hiyo.

Rudia mchezo, safari hii watoto sita wakae nyuma ya mstari wa chaki wasibadilishane na mtu wa nje. Hicho ni Kisiwa cha Maria, kando ya Tasmania, ambako wanyama wasio na ugonjwa walianza kupelekwa mwaka 2012. Lazima mmoja atauliza kwa nini wasihamishiwe visiwani wote. Mjibu kwa pengwini wadogo wa Maria: walikuwa maelfu, mashetani walioletwa wakawamaliza.

Magadi huwasha macho, kwa hiyo mikono ioshwe kabla ya kutoka. Doa la manjano kwenye shati jeupe lifuliwe kisha lianikwe juani. Jua la Mombasa hulififisha.