Bei moja, ahadi tatu: kuandika mapato ya mkataba wenye punguzo

Kwenye soko la komine ya Kenya, hapa Lubumbashi, Kongo, ukinunua fungu la nyanya mama anakuongezea mbili juu. Ni matabishi: hayana bei wala hayaandikwi popote. Tabia hiyo tunaibeba mpaka ofisini, na mahesabu yanaharibika. Katika mkataba wa mauzo hakuna matabishi. Ulichoahidi "bure" mteja amekwisha kukilipia ndani ya bei nzima, na kina fungu lake la mapato.

Nilijifunza hilo kwa uchungu. Nilikuwa nashika vitabu vya duka moja la jenereta, na kila fakture (ankara) niliiandika yote kuwa mauzo siku mashine ilipotoka depo. Mwaka ukafungwa kwa faida nzuri, mwenye duka akaichukua. Mwaka uliofuata mafundi walikwenda mji wa Likasi kila mwezi kubadilisha oili na filta, kazi tuliyoiahidi ndani ya bei ile, na vitabuni hapakuwa na hata dola moja ya mapato ya kukabili gharama hizo. Hakuna aliyeiba. Kosa lilikuwa la kwangu.

Tufanye kazi na mfano niliotunga. Duka linauza jenereta, linaifunga kwa mteja, na kuitunza kwa miezi 24. Bei ya vyote ni dola 15,300 bila TVA, yaani kodi ya ongezeko la thamani (VAT).

Hatua ya 1: soma mkataba mpaka pembeni

Usianze na fakture. Fakture yetu ilikuwa na mstari mmoja tu, "jenereta", huku ahadi ya matengenezo imeandikwa kwa biki chini ya ukurasa wa pili wa mkataba, juu ya saini. Ahadi ya biki nayo ni ahadi. Ikiwa muuzaji ameahidi kwa mdomo au kwa ujumbe wa simu, mwulize, maana mteja anaitegemea.

Hatua ya 2: tenganisha ahadi

Kanuni ya IFRS 15, kiwango cha kimataifa cha kuandika mapato ya mikataba, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2018, inauliza mambo mawili. Je, mteja anaweza kufaidika na kitu hicho peke yake, au pamoja na vitu anavyoweza kuvipata kwa urahisi? Na je, ndani ya mkataba kinasimama mbali na vingine? Kufunga jenereta kunaweza kufanywa na fundi yeyote wa umeme mjini, na mashine haibadiliki kwa kufungwa. Basi tuna ahadi tatu: mashine, kufunga, matengenezo.

Angalia dhamana. Dhamana ya kwamba mashine haina kasoro si ahadi ya pekee. Gharama yake inatengewa akiba. Lakini ukimwongezea mteja miaka ya dhamana kwa malipo, hiyo ni huduma na inahesabiwa.

Hatua ya 3: tafuta bei ya kila kimoja kikiuzwa peke yake

Chukua bei mnazouzia kweli, si za kwenye karatasi ya matangazo. Hapa jenereta ni 12,000, kufunga 1,200, matengenezo 200 kwa mwezi, yaani 4,800. Jumla 18,000. Kama kitu hamjawahi kukiuza peke yake, kadiria: gharama yake pamoja na faida ya kawaida, au bei ya wenzenu mjini. Andika ulivyokadiria na uweke karatasi hiyo kwenye faili, mkaguzi ataitaka.

Hatua ya 4: gawa punguzo

Punguzo ni 2,700, sawa na asilimia 15 ya 18,000. Kila ahadi inabeba sehemu yake: jenereta 10,200, kufunga 1,020, matengenezo 4,080. Jumlisha, upate 15,300 kamili.

Kuna hali moja inayovunja mgawo huu, na wengi wanairuka. Tuseme duka huuza kila kimoja peke yake mara kwa mara, na pia kwa kawaida huuza jenereta pamoja na kufunga kwa 10,500 badala ya 13,200. Punguzo la 2,700 linaonekana wazi kuwa ni la hivyo viwili. Basi matengenezo yanabaki 4,800, na 10,500 inagawanywa: 9,545.45 kwa mashine, 954.55 kwa kufunga. Lakini uwe na fakture za kuthibitisha desturi hiyo. Neno la muuzaji halitoshi.

Hatua ya 5: andika

Turudi kwenye mgawo wa kwanza. Mashine imefika kwa mteja tarehe 20 Aprili, na fakture ya vyote imetolewa siku hiyo, ya kulipwa papo hapo. TVA ni asilimia 16: 2,448. Kwa akaunti za SYSCOHADA, mfumo wa mahesabu wa nchi za OHADA, Kongo ikiwemo:

Debiti 411 Wateja: 17,748
Krediti 701 Mauzo ya bidhaa: 10,200
Krediti 477 Mapato yaliyotangulia: 5,100
Krediti 443 TVA: 2,448

Ile 5,100 (kufunga 1,020 na matengenezo 4,080) ni deni: tunadaiwa kazi ambayo hatujaifanya. Mafundi wakimaliza kufunga tarehe 28 Aprili na mteja akatia saini, debiti 477 na krediti 706 (huduma zilizouzwa) kwa 1,020. Matengenezo yakianza tarehe 1 Mei, kila mwisho wa mwezi hamisha 170, yaani 4,080 kwa miezi 24, kwa njia hiyo hiyo.

Tarehe 31 Desemba, miezi minane imetoa 1,360. Mapato ya mwaka ni 12,580, na kwenye 477 imebaki 2,720, ambayo ni miezi 16 mara 170. Fanya hesabu hiyo ya mwisho kila mara: kama salio haligawanyiki kwa miezi iliyobaki, kuna mwezi umerukwa au umeandikwa mara mbili. Kwa mgawo wa pili, mapato ya mwaka yangekuwa 12,100. Tofauti ya 480 inatosha kuleta ubishi na wakaguzi, hasa kwa kampuni tanzu zinazotuma ripoti za IFRS kwa makao makuu ya nje.

TVA haifuati mgawo wetu. Inafuata sheria ya kodi na fakture yenyewe, kwa hiyo usibadilishe fakture ili ifanane na jedwali lako. Jedwali libaki kwenye faili ya mkataba, na mkataba ukibadilishwa, tuseme mteja akiongeza miezi 12 ya matengenezo, lifungue tena kabla hujaandika chochote.