Unakwenda kufundisha Thailand? Kisome cheti cha daktari kabla hujakikabidhi

Dada zetu waliomaliza ualimu na kusubiri ajira mpaka wakachoka wananipigia simu kila wiki. Wanauliza mshahara, nauli, na kama unga wa ugali unapatikana. Hakuna anayeuliza: nikiumwa je? Mimi nimefundisha Kiingereza miaka mitatu kwenye shule binafsi huko Isan, kaskazini mashariki mwa Thailand, na nimelala wodini kule. Kwa hiyo nitayasema haya hata kama hamjauliza.

Tuanze na mepesi. Chanjo ya homa ya manjano ni lazima kwa anayetoka Tanzania, Kenya, Uganda na majirani zetu wengi. Uchanjwe siku 10 kabla ya kufika, na ukishuka Suvarnabhumi, uwanja wa ndege wa Bangkok, nenda dawati la afya na kadi yako ya njano kwanza, ndipo ukapange foleni ya uhamiaji. Ukikosea mpangilio unarudishwa nyuma.

Dawa zako za kila siku zibebe na barua ya daktari, zikiwa kwenye makopo yake. Kodeini na dawa nyingine za maumivu makali zinadhibitiwa kule, usizipakie kwenye mfuko wa nailoni kama umetoka duka la dawa la mtaani kwenu.

Jua kundi lako la damu. Kama ni hasi, liandike mahali patakapoonekana, maana kwa Wathai damu hasi ni adimu mno.

Kibali cha kazi kinataka cheti cha daktari kwamba huna magonjwa yaliyotajwa: ukoma, kifua kikuu, matende, kaswende iliyofika hatua ya tatu, uraibu wa dawa za kulevya na ulevi sugu. VVU havimo kwenye orodha hiyo. Shule ikikuambia upime VVU kwa ajili ya kibali, ujue hayo ni matakwa yake, na uulize majibu yatakaa kwa nani. Anayekwenda Ghuba habari yake ni nyingine kabisa. Falme za Kiarabu hupima VVU na kupiga picha ya kifua kabla ya kutoa ukaazi, na ukikutwa na VVU unarudishwa kwenu. Kapime nyumbani, kimya kimya, kabla hujauza kiwanja.

Mkataba sasa. Sheria ya kazi ya Thailand ya 1998 inampa mfanyakazi ruhusa ya ugonjwa kwa siku zote anazoumwa kweli, na mshahara unaendelea mpaka siku 30 za kazi kwa mwaka. Ukikosa siku tatu au zaidi, mwajiri anaweza kudai cheti. Walimu wa shule binafsi wana sheria yao ya 2007, lakini mafao yao hayatakiwi kushuka chini ya hapo. Kwetu Tanzania sheria ya kazi ya 2004 inatoa siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili, nusu ya pili kwa nusu mshahara, kwa hiyo usishangae ukiona hesabu hazifanani.

Hiyo ni sheria. Mikataba ya mawakala niliyowahi kuishika inasema siku tatu, tano zikizidi sana, halafu unakatwa mshahara. Mwulize wakala kwa maandishi: mwajiri wangu ni wewe au ni shule? Naumwa siku ngapi kwa malipo? Cheti kinaanza kudaiwa siku ya kwanza au ya tatu? Wengi hudai siku ya kwanza, maana yake mafua tu yatakupandisha pikipiki mpaka kliniki, ukakae foleni na pua inatiririka, kutafuta karatasi.

Uliza pia bima inasemaje kuhusu ugonjwa uliokuwa nao kabla ya kufika. Mimi sikuuliza. Nililipa.

Sasa hili. Kaa chini.

Muhula wangu wa pili nilianza kutokwa damu kuliko kawaida. Nikanyamaza, kama tunavyofundishwa. Siku ya nne nimesimama ubaoni nikaona herufi zinacheza, nikashika meza. Shule ikanipeleka hospitali ya mkoa, na ikampa mwalimu mwenzangu wa Kithai kazi ya kunifasiria. Mpole sana, tulikuwa tunagawana viazi vya kukaanga mapumziko. Tukaingia naye mpaka chumba cha daktari. Kila swali lilipitia mdomoni mwake: Umeolewa? Umewahi kushika mimba? Umewahi kutoa? Mama yangu mzazi hajawahi kuniuliza maswali yale, na huyu kesho tunakaa meza moja kusahihisha madaftari.

Nilikuwa na uvimbe kwenye kizazi, faibroidi. Wakanilaza, wakaniongeza damu. Daktari akaandika cheti, wenyewe wanakiita *bai rap rong phaet*, chote Kithai, kitu pekee nilichokielewa ni muhuri na namba 7. Kwetu mwalimu mkuu akipokea ED yako (karatasi ya daktari ya kupumzika kazi) anaangalia siku ngapi, basi, anaitia kwenye faili. Nikadhani na kule ni hivyo. Nikakikunja, nikampa mwenzangu akipeleke shuleni.

Karani akakipiga picha akakitupia kwenye kundi la LINE la walimu, watu sabini na kitu, ili anayepanga vipindi vya kuziba akione. (LINE ndiyo WhatsApp yao.) Jioni simu ikaanza kulia mfululizo. Stika za dubu anayelia. Sungura amepiga magoti na ua. Nikafurahi, nikajua ni pole za mgonjwa.

Kesho yake mchana walinijia wodini: mkuu wa shule, walimu sita, na mlinzi wa getini. Wameshika kikapu cha matunda kimefungwa nailoni na utepe wa dhahabu. Mwalimu mmoja mtu mzima akaniwekea kiganja tumboni, juu ya shuka, akauliza kwa Kiingereza cha taratibu kama uvimbe ni mkubwa. Kabla sijajibu akaongeza: ndiyo maana huna mtoto? Mlinzi akatingisha kichwa kwa huruma. Kisha wakapanga mstari kuzunguka kitanda changu, mimi na dripu katikati, ikapigwa picha. Usiku ipo kwenye ukurasa wa shule, ina maelezo.

Niliporudi kazini mtoto wa darasa la tano akanisogelea na chupa ya dawa ya mizizi. Mama yake amempa aniletee, ya uvimbe wa kizazi. Mtoto wa darasa la tano.

Nilimfuata karani nimewaka. Alinitazama kama nimemshtaki kwa kunipikia uji. Walimu wote walikuwa na wasiwasi na wewe, akasema, wangejuaje wakusaidieje? Na alikuwa mkweli, hilo ndilo lililonikera zaidi. Hata sisi hatumwachi mgonjwa peke yake, tunaijaza wodi mpaka nesi atufukuze. Ila sisi tuna neno: tumbo. "Mwalimu anaumwa tumbo" inafunika kila kitu, kuanzia kuhara mpaka mimba iliyoharibika, na mtu mwenye adabu zake haulizi tumbo gani. Ile stara nilidhani dunia nzima inayo.

Utaniambia sheria ipo. Ipo: sheria yao ya taarifa binafsi imekuwa ikitumika kikamilifu tangu Juni 2022, na taarifa za afya zinahitaji ridhaa yako ya wazi. Haya, mshtaki nani? Aliyekuletea maembe?

Kwa hiyo fanya hivi. Kabla hujatoka chumba cha daktari, mwombe aandike kwamba amekuona na unahitaji kupumzika siku kadhaa, bila jina la ugonjwa, au kwa jina la jumla. Niliporudi kliniki mwezi uliofuata niliomba, nikitetemeka kama naomba mkopo, na daktari akakubali palepale. Akaandika maumivu ya tumbo. Nikalipata tumbo langu.

Pili, ukiwa bado kwenye korido, elekeza kamera ya simu kwenye karatasi na uache programu ya kutafsiri ikusomee. Tafsiri itakuwa mbovu, lakini neno kizazi litaonekana. Ukishakikabidhi huna cheti tena, ni mali ya kundi.

Tatu, kitie kwenye bahasha umpe mtu mmoja kwa mkono, umwambie kwa upole, na tabasamu lisikutoke, kwamba unaomba kikae kwenye faili tu na LINE iandikwe "anaumwa" basi. Usigombe. Mwalimu anayepandisha sauti ofisini kule amejiharibia kwa muhula mzima, hata kama haki ni yake.

Nne, mfasiri mchague wewe. Hospitali kubwa za binafsi zina wafanyakazi wanaozungumza Kiingereza, na nyingine zina wakalimani wao. Ni ghali. Basi mafua na tumbo la pilipili peleka hospitali ya mkoa pamoja na mwenzako, na mambo ya chini ya kitovu weka akiba uyapeleke mji mkubwa, peke yako, Jumamosi. Mimi niliweka bati 1,500, hela yao, kila mwezi pembeni kwa ajili hiyo tu, na sijutii hata moja.

Mengineyo ni ya haraka. Homa ikikushika msimu wa mvua usijipe dawa ya malaria kwa mazoea, kapime dengue, na mpaka ujue ni nini meza parasetamoli tu, aspirini na ibuprofeni ziache. Namba ya gari la wagonjwa ni 1669. Ukirudi kazini, aliyekuzibia vipindi mpelekee chochote, hata biskuti za duka la kona. Usipofanya hivyo wataona, na hakuna atakayekuambia. Usiumwe Ijumaa inayogusa sikukuu kama unaweza kujizuia. Ukiulizwa uzito wako, umri wako na kwa nini hujaolewa, yote kabla ya saa mbili asubuhi, usichukulie ni uchokozi, ila pia hulazimiki kujibu. Cheka, useme chakula chao kitamu.

Na kwenye begi la hospitali weka khanga safi na nguo ya kulalia inayofunga mpaka shingoni. Watakuja na kikapu, na kamera watakuwa nayo.