Silabasi ya usaili wa Mtendaji wa Kijiji imo ndani ya tangazo

Mimi ni Mtendaji wa Kijiji hapa wilayani Bahi. Tangazo la ajira likitoka, simu yangu haipumziki. Wadogo zangu waliomaliza Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo wananiuliza swali lile lile: "Dada, wanauliza nini?" Nayaandika hapa ninayowaambia, maana nimerudi nyumbani mikono mitupu mara mbili na najua inavyouma.

Mara ya kwanza sikufika hata kwenye chumba cha mtihani. Nilikuja na nakala ya cheti cha kuzaliwa, halisi nikaiacha nyumbani kwa kuogopa isipotee njiani. Kwenye uhakiki nikaambiwa nikae pembeni. Kwa hiyo kabla ya kusoma chochote, weka kwenye bahasha moja cheti halisi cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha sita kama unacho, cha chuo, na kitambulisho. Hati ya matokeo si cheti, usiitegemee. Kama jina lako kwenye cheti kimoja linatofautiana na kingine, shughulikia hati ya kubadili majina iliyosajiliwa mapema, wala usisubiri kuitwa. Na kwenye akaunti yako ya Ajira Portal, mfumo wa Serikali wa kuombea kazi mtandaoni, hakikisha mkoa unaoishi sasa ndio ulioandikwa, kwa sababu unaweza kupangiwa kituo cha usaili kwa kufuata anuani hiyo.

Sasa mtihani wenyewe. Kwa kada yetu kuna hatua mbili: mchujo, yaani mtihani wa kupunguza waombaji, halafu mahojiano. Kada nyingine huwekewa usaili wa vitendo: dereva anaendesha gari, mwandishi mwendesha ofisi anachapa. Mchujo siku hizi hufanyika hata kwa kompyuta, kwa hiyo kama hujazoea kipanya, kaa siku mbili tatu kwenye steshenari ya jirani ujizoeze.

Mara ya pili nilianguka mchujo kwa sababu nilikesha nikikariri majina ya mawaziri na mwaka wa kila jambo. Havikuulizwa. Nilipofika nyumbani nikalichukua tangazo nikalisoma upya, sehemu ya majukumu ya kazi, mstari kwa mstari. Kila nilichoulizwa kilikuwa mle.

Fanya hivi. Chukua daftari, kila jukumu lipe ukurasa wake. Tangazo linasema Mtendaji ni katibu wa mikutano na kamati zote za Halmashauri ya Kijiji. Basi jiulize: mikutano gani? Mkutano Mkuu wa Kijiji ni wa wakazi wote wenye miaka 18 na zaidi, nao hukaa kila baada ya miezi mitatu. Halmashauri ya Kijiji ina wajumbe kati ya 15 na 25, hukaa kila mwezi. Kamati za kudumu ni tatu: ya Fedha, Uchumi na Mipango; ya Huduma za Jamii na Kujitegemea; na ya Ulinzi na Usalama. Ukiulizwa sheria, ni ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya 1982.

Tangazo linasema atasimamia utungaji wa sheria ndogo. Andika njia yake: Halmashauri ya Kijiji inapendekeza, Mkutano Mkuu unatoa maoni, Halmashauri ya Wilaya inaidhinisha. Linasema atatatua migogoro. Hapo fungua Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, na ujue kwamba Baraza la Ardhi la Kijiji lina watu saba na wanawake wasipungue watatu. Ongeza kanuni nane za maadili ya utumishi wa umma. Hizo zinamhusu kila mtumishi, na ni aibu kuzikosa.

Mahojiano ndiyo ninayoyasisitiza zaidi, kwa sababu wengi wanaofika pale sheria wanazijua, ila hawajawahi kujiona wakiwa kazini. Mimi niliulizwa: ng'ombe wameingia kwenye mashamba ya mpunga, wakulima wameshika fimbo, utafanya nini? Sisi wa Bahi swali hilo tunaliishi. Usianze na vifungu vya sheria. Anza na watu: nitakwenda pale mara moja pamoja na mwenyekiti na Kamati ya Ulinzi na Usalama ili damu isimwagike, nitatoa taarifa kwa Mtendaji wa Kata, na hali ikinizidi nitaita polisi. Nitamwomba afisa kilimo apime hasara, nitaandika kila kitu, kisha pande mbili zitakaa zisikilizwe. Jopo linataka kuona kama unajua mipaka yako. Mtendaji hamhukumu mtu wala hampigi faini mfugaji kwa hasira.

Ingia, salimia, subiri uambiwe ukae. Usiposikia swali, omba lirudiwe, si kosa. Jibu kwa hatua, ukimaliza nyamaza.

Ukipangiwa kufanyia usaili Chuo Kikuu cha Dodoma, lala mjini siku moja kabla. Chuo kile ni kikubwa, kutoka ndaki moja hadi nyingine si mwendo wa miguu wa dakika tano, na nauli, chakula na malazi ni juu yako. Juni na Julai beba sweta, upepo wa asubuhi kule juu ni mkali.

Matokeo yakitoka na umefaulu lakini nafasi zimejaa, usifute namba yako ya simu wala usibadilishe laini. Waliofaulu huwekwa kwenye kanzidata, na nafasi ikipatikana huitwa bila usaili mwingine.