Jinsi ya kufuatilia asili ya neno "priest", hatua kwa hatua

Ukitafsiri maandiko ya dini, neno la Kiingereza "priest" litakudai uchague: kasisi, kuhani au mzee? Mimi hulifuatilia hivi.

1. Kusanya ndugu zake. Kijerumani kina "Priester", Kiitaliano "prete", Kifaransa "prêtre". Ile alama juu ya e ya Kifaransa inaonyesha s ilipodondoka. Zamani waliandika "prestre". Kiingereza cha kale, "preost", kilibaki na s kikapoteza r ya mwisho. Wote wanarudi kwenye Kilatini cha kanisa, "presbyter", kilichotokana na Kigiriki "presbyteros".

2. Lione neno likitumika. Hapa usiwe na haraka, maana ndipo penye jibu. Fungua Luka 15:25. Kaka yake mwana mpotevu, "yule mwanawe mkubwa", kwa Kigiriki ni "presbyteros". Hana madhabahu wala hatoi sadaka. Ametangulia kuzaliwa tu. Kisha soma Tito 1:5, "kuweka wazee katika kila mji". Neno ni lilelile.

3. Mtafute mpinzani wake. Zakaria wa Luka 1, anayefukiza uvumba hekaluni, ni "hiereus"; Kilatini husema "sacerdos", nasi twasema kuhani. Waingereza walimwita huyu naye "priest", ndipo mzee na kuhani wakavaa jina moja.

4. Angalia waliogombana juu yake. William Tyndale, mtafsiri wa Biblia kwa Kiingereza, mwaka 1526 alitafsiri "presbyteros" kuwa "senior", na Thomas More, mtetezi wa Ukatoliki, akamjia juu. Toleo lake la 1534 likaweka "elder", yaani mzee. Watafsiri Wakatoliki wa Rheims, mji wa Ufaransa, 1582, waliandika "priests" katika Tito 1:5. Biblia ya Kiingereza ya King James ya 1611 ikashika "elders". Si ubishi mdogo: ulihusu nani ana mamlaka kanisani. Wapresbiteri, wakiwamo wale wa Kenya wanaoongozwa na wazee wa kanisa, wamepata jina lao humohumo.

5. Rudi kwenye Kiswahili. Padri ni Kireno, "baba". Kasisi tumelipata kwa Waarabu, nao kwa Wakristo wa Kisiria, ambao "qashisha" wao ni mzee! Kwa hiyo kasisi na "priest" wana maana moja ya awali.

Ninapotafsiri basi, "hiereus" ni kuhani bila ubishi, "presbyteros" wa Agano Jipya ni mzee, na kasisi namwachia mhudumu wa kanisa wa leo.