Kufunga Kinga ya Kudumu ya Umeme Ndani ya Trela la Safari

Wengi wanaponunua kinga ya umeme kwa ajili ya trela huwaza radi, lakini kwa niliyoyaona kazini, kompresa za viyoyozi huuawa zaidi na umeme mdogo katika kambi iliyojaa: volteji ikishuka, mota huvuta ampia nyingi kuliko kawaida, na koili zake hupata moto mpaka ziungue. Kwa hiyo chagua kifaa kinachopima umeme kabla ya kuupitisha, kinachokata volti zikishuka chini ya takriban 104 au zikizidi takriban 132, na kinachogundua nyaya zilizofungwa vibaya kwenye nguzo ya kambi, yaani nguzo yenye soketi unayochomeka kebo ya trela.

Maelezo haya ni ya trela la Amerika ya Kaskazini linalotumia ampia 30 na volti 120, lenye waya mweusi wa moto (unaoleta umeme), mweupe wa nyutro (unaourudisha), na wa kijani au mtupu wa ethi (wa usalama). Trela la ampia 50 lina nyaya mbili za moto na huhitaji kifaa chake maalumu. Kama hujawahi kufanya kazi ndani ya kisanduku cha breka (swichi zinazokata umeme ukizidi), mwite fundi umeme.

Anza kwa kuchomoa kebo kwenye nguzo, kisha zima jenereta na inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa volti 120. Inveta ndiyo inayosahauliwa, nayo inaweza kurudisha volti 120 ndani ya nyaya ulizodhani zimekufa. Jaribu multimita, kipimo cha volti, kwenye umeme unaojua upo, ndipo upime mweusi na mweupe, mweusi na ethi, mweupe na ethi, uhakikishe hakuna umeme.

Mahali pa kifaa ni kati ya soketi ya kuingizia umeme na kisanduku cha breka. Trela likiwa na swichi ya kubadilisha kati ya kambi na jenereta, kifunge baada ya swichi hiyo, ili umeme wa jenereta nao ukaguliwe. Kiwe pakavu, mbali na mitungi ya gesi na betri, na kishikiliwe na mbao imara, kwa sababu ubao mwembamba wa ukutani hulegea trela linapotikisika.

Kata kebo ukiacha urefu wa ziada, ipitishe kwenye kibano cha boksi, kisha menya ganda kwa kadiri ya tundu la skrubu, bila kukata hata uzi mmoja wa shaba. Upande wa kuingilia hupokea kebo itokayo kwenye soketi, na upande wa kutokea huelekea kwenye breka. Kama kifaa kina pete ya kupimia ampia, pitisha waya mweusi ndani yake kabla ya kuufunga. Nyutro na ethi zisiunganishwe popote ndani ya trela, maana umeme unaorudi utapita pia kwenye chesisi, fremu ya chuma ya trela unayoishika kwa mkono.

Sasa skrubu, na hapa usiharakishe hata kidogo. Niliwahi kufungua boksi nikakuta ganda la waya mweupe limegeuka kahawia na kupasuka kama gome kavu. Skrubu yake niliizungusha kwa vidole. Muungano uliolegea huzuia umeme, kizuizi huzaa joto, na joto huzidi kuulegeza, mpaka plastiki inayeyuka huku breka ikiona kila kitu ni sawa. Kaza kwa nguvu aliyoitaja mtengenezaji, tikisa waya ili nyuzi zake zijipange, kaza tena, halafu uvute kwa mkono.

Funika boksi, zima breka zote za trela, chomeka kebo na uwashe nguzo. Kifaa kitakagua na kusubiri, vingine kwa zaidi ya dakika mbili, ili shinikizo ndani ya kompresa lipungue; usidhani kimeharibika. Kikipitisha umeme, washa breka moja baada ya nyingine.

Kikikataa jenereta ndogo ya kubebeka, huenda nyutro yake haijaunganishwa na ethi. Tumia plagi maalumu ya kuziunganisha kwenye jenereta yenyewe, wala usiunganishe umeme moja kwa moja kwa kukiruka kifaa.

Baada ya safari ya kwanza, chomoa umeme, pima tena kwa multimita, fungua boksi na ukaze skrubu zote upya.