Kumzoesha kasuku aliyetoka kwa mfugaji mwingine

Kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu anaweza kuishi miaka 40 hadi 60, kwa hiyo si ajabu akapitia mikono ya watu kadhaa. Wengi wanaompokea hukimbilia kumshika siku ileile, wakidhani mapenzi yatamtuliza. Mimi naanzia kwingine: aone kwanza kwamba akikataa, anasikilizwa. Ndege anayepuuzwa huuma, na akishajua kuuma ndiko kunakomwondolea kero, utapata kazi.

Hatua ya 1: Kabla hajafika
Mhoji anayemtoa: ndege anakula nini, analala saa ngapi, anaogopa nini (ufagio? kofia? mikono?). Ikiwezekana mchukue na tundu lake, na umpe chakula kilekile alichozoea hata kama ni mbegu tupu. Lishe utairekebisha baadaye, kidogokidogo. Mpime kwa mizani ya jikoni akiwa ndani ya kisanduku cha safari, kisha utoe uzito wa kisanduku. Gramu zikianza kushuka utajua mapema kwamba hali chakula vizuri. Kama una ndege wengine, mtenge chumba cha peke yake kwa siku 30 au zaidi, na daktari amwone. Vikaango visivyoshika chakula viondoe jikoni: vikipata moto kupita kiasi hutoa mvuke unaoua ndege upesi.

Hatua ya 2: Tundu
Upande mmoja uguse ukuta, ili asilinde pande zote nne. Usiku apate saa 10 hadi 12 za giza na utulivu.

Hatua ya 3: Kaa karibu, usifanye lolote
Soma, kunja nguo, zungumza kwa sauti ya chini. Usimkodolee macho; kasuku ni windo, na anayemtazama bila kupepesa, yeye humwona kama mwindaji. Wewe mwangalie kwa pembeni. Manyoya yaliyobana mwilini na shingo iliyonyooka ni hofu: rudi nyuma mpaka alegee. Mboni zinazotanuka na kusinyaa harakaharaka huku mkia umetandazwa, usithubutu kupeleka kidole. Akisimama kwa mguu mmoja na kusagasaga mdomo, ametulia.

Hatua ya 4: Zawadi
Mwekee chakula mchanganyiko uone anachodaka kwanza. Kama ni alizeti, iondoe kwenye bakuli, na kuanzia hapo itoke kwako tu. Kila upitapo, dondosha punje moja ndani ya tundu uendelee na safari yako, bila kusimama kungoja shukrani. Akianza kukusogelea ukipita, mpe kupitia nondo za tundu. Parachichi na chokoleti ni sumu kwake.

Hatua ya 5: Kijiti
Mwonyeshe kijiti chembamba. Akikigusa kwa mdomo, sema “safi!” papo hapo, umpe punje. Baadaye atakifuata popote unapokipeleka, bila kuguswa. Dakika chache zinatosha. Acha akiwa bado anataka.

Hatua ya 6: Mkono
Hapa ndipo watu huharibu. Usimsukume kifuani ili apande. Sogeza mkono mbele yake, juu kidogo ya miguu, usubiri. Akiinua mguu, vizuri. Akiegemea nyuma au akifungua mdomo, ondoa mkono bila kinyongo, ujaribu tena baadaye. Utaambiwa unamdekeza. Waache waseme; ndege anayejua anaweza kukataa ndiye hukubali upesi. Glovu ziache, zinamtisha, tena zinakufanya usijali onyo lake.

Akikuuma, usipige kelele wala kumpulizia usoni. Mshushe taratibu mahali pa karibu, kisha ukumbuke ni ishara gani ilikupita.

Akishakubali kuguswa, mkune kichwani na shingoni basi. Kumpapasa mgongo na chini ya mbawa humwamshia hamu ya kupandana, na wengi hugeuka wakali.

Baadhi huchagua mtu mmoja nyumbani. Ikiwa si wewe, zawadi anazozipenda zitoke kwako, na kipenzi chake akae mbali wakati wa mazoezi. Na akianza kujinyonyoa manyoya, mpeleke kwa daktari kabla ya kuamua kwamba ni upweke, maana ugonjwa wa ngozi au wa ndani huleta dalili hiyohiyo.